Mbili kwa Mbili, Mwalimu Kasema

Ruhuwiko, Songea
Ijumaa, baada ya sala

Mama Zuhura,

Hiyo habari mnayoisimulia huko Nalasi mnaisimulia vibaya. Wote. Kaka yako Shaibu anaisimulia vibaya, wale waliokaa naye kwenye ghala la chama wanaisimulia vibaya, na wewe ambaye hukuwepo kabisa nasikia ndiyo unaisimulia vibaya kuliko wote, tena unacheka mpaka unashika ukuta. Mimi ndiye niliyekuwepo. Mimi ndiye niliyetokeza. Kwa hiyo kaa kitako, acha hicho unachokipepeta, usome habari yenyewe kwa mwenyewe.

Sasa ndiyo nakusalimu. Asalaam aleikum. Goti lako likoje, bado linatabiri mvua? Yule mbuzi mwenye kwato mbaya anakanyaga? Mimi mzima. Jicho la kulia wamelitoa ukungu wake, naona mpaka nyufa za dari, na kusema kweli nyumba hii ya mtoto wako ilikuwa nzuri zaidi nilipokuwa sioni. Jicho la kushoto liko kwenye foleni hospitali. Wamesema nisubiri kidogo. Nasubiri.

Utauliza kwa nini naandika barua wakati simu ipo. Kwenye simu hunipi nafasi. Nikisema neno moja wewe una saba, na bando linaisha nikiwa bado naulizia kuku. Barua haina pa kunidakia. Mwandiko usiucheke, wewe uliyefika darasa la nne. Mimi kisomo cha watu wazima nilikaa miezi miwili tu, nikaacha kwa sababu mwalimu alikuwa anaanza kuniuliza mimi.

Nimesikia pia umegombana na Mama Hadija wa jirani kwa ajili ya khanga iliyopotea kwenye kamba. Hilo tuliweke kando, nitalifikia.

Kazi ya mtoto wako unaijua jina tu, kwa hiyo nikueleze. Zuhura anafundisha watu kulima korosho bila kutoka sebuleni. Anakaa mbele ya kompyuta, juu kavaa blauzi ya ofisini, chini kavaa ndala. Ndani ya kioo kuna vijumba vidogo kama vya njiwa, kila kijumba kina mtu au kikundi kinachungulia. Huku vijijini Songea kuna Wangoni waliochoka na mahindi, wanataka korosho kama sisi. Huko Tunduru mko ninyi, mnataka kung'oa mikorosho mizee mpande miche ya kisasa. Wote wametiwa darasa moja, kila Jumanne saa tatu asubuhi. Wayao na Wangoni, watani wa jadi, ndani ya chombo kimoja, na mtu mzima hakuna wa kuwasimamia. Mimi nilijua mapema kwamba hapo pana neno.

Jumanne ya kwanza nilikaa kwenye mkeka pembeni, nachambua maharage. Jicho moja limefungwa bandeji, jingine nalitumia. Zuhura akafungua darasa, akasema kwa sauti nzuri, "Shikamooni wazee wangu, habari za asubuhi." Halafu akabonyeza kitu, pii, sauti zote zikazimika.

Nikamwuliza, "Umefanya nini?"

"Nimezima maiki zao, baba. Kuna kelele, kuna watoto, kuna mtu anatwanga."

"Wameitikia?"

"Nini?"

"Marahaba. Si umewaamkia?"

"Baba, wako arobaini. Nikisubiri kila mmoja aitikie tutafundishana kesho."

Nikaendelea kuchambua, maana pale mimi ni mgeni na maharage si yangu. Lakini wewe fikiria, Mama Zuhura. Mtoto wa watu anaingia uani kwako, anakuambia shikamoo, halafu kabla hujafungua mdomo anakuziba kwa kiganja. Hayo maneno yake ya korosho utayasikiliza?

Akafundisha. Akafundisha kwa saa mbili nzima. Picha zinapita, za rangi, nzuri, kuna moja ya mkorosho umekatwa katikati unaonyeshwa mizizi kama mgonjwa. Mtandao siku hiyo ulikuwa na kigugumizi. Sura inaganda mdomo wazi, inakaa hivyo, halafu inaruka mbele kama imesukumwa. Mahali fulani hapo katikati akasema maneno ninayotaka uyaweke akilini: "Mche hadi mche, hatua kumi na mbili kwa kumi na mbili." Mimi niliyasikia vizuri kwa sababu nilikuwa nyuma yake, sikuwa ndani ya kioo.

Mwisho akauliza, "Mmeelewa?"

Kisha vikaanza kutokea vidole gumba, vile vya njano. Kijumba hiki dole, kijumba kile dole. Zuhura akatabasamu. "Unaona, baba? Wameelewa."

Nikasogea kuangalia kijumba cha kwetu, kile cha ghala la Nalasi, maana nacho kilikuwa kinatoa madole mengi mno. Nikatafuta shemeji Shaibu. Shaibu hayupo. Kikundi kizima hakipo. Kuna kiti, kuna simu imeegeshwa, na juu ya kiti yuko kuku. Yule kuku mwekundu wa Shaibu mwenye shingo tupu. Amesimama mbele ya simu anaangalia picha zinavyopita, anadonoa kioo. Tok, dole. Tok, dole jingine. Katuma matatu mbele ya macho yangu, au niseme mbele ya jicho langu.

Nikamwambia, "Mwanangu, huyo aliyeelewa ni kuku."

Hakucheka. Akafunga kompyuta polepole.

Jumanne ya pili ilikuwa ndugu wa ya kwanza. Shikamooni, pii, saa mbili za picha, mmeelewa, madole. Mchana wake akapigiwa simu na msimamizi wake, mama mmoja wa huko makao makuu. Kumbe darasa lote linarekodiwa na huyo mama husikiliza. Zuhura alikuwa anaosha vyombo, simu kaiweka sauti ya nje, kwa hiyo nimesikia kwa masikio yangu, ambayo hayajawahi kupelekwa hospitali. Yule mama akasema, "Zuhura, nimesikiliza madarasa mawili, nimesikia sauti moja. Na hiyo sauti ni yako. Jumanne ijayo naingia mwenyewe. Nikikuta ni hivi hivi, tunalifunga darasa na mkataba wako unaishia hapo hapo."

Hakugomba. Alisema kama mtu anayetaja saa.

Unaelewa maana yake. Mkataba ukiishia hapo, chumba hiki cha Ruhuwiko kinarudi kwa mwenyewe, na mtoto anarudi Nalasi na cheti chake kwenye bahasha, kile kile ulichokipeleka wewe kwa kila jirani wakiangalie muhuri. Jicho langu la pili nalo litarudi bila kufunguliwa, lakini hilo siliweki kwenye hesabu, nimeshaona mengi. Zuhura alimaliza vyombo. Sahani moja akaiosha mara mbili.

Kesho yake nikamwita wakati anakaanga vitunguu. Nikamwambia, "Miaka yangu yote nimepiga mnada wa nguo. Tunduru, Namtumbo, mpaka hapa Songea. Unajua nilikuwa nani?"

"Najua, baba."

"Hujui. Mimi nilimuuzia mtu shati lake mwenyewe. Alilivua akaliweka kwenye meza yangu ajaribu jingine, nikalinadi, akalipigania, akalichukua, akaondoka anashukuru."

"Hiyo umenihadithia, baba. Ilikuwa suruali."

"Ilikuwa shati. Sasa sikiliza. Mnadani mimi sijawahi kuuliza watu mmeelewa. Ukimuuliza mtu mzima mbele ya wenzake kama ameelewa, atasema ndiyo hata kama nyumba yake inaungua. Mimi nilikuwa namshikisha mtu kitambaa, halafu namwambia, haya, umechukua nini, sema kwa mdomo wako nisikie. Akisema kitenge cha bluu na mkononi ana cha kijani, hapo hapo tunasahihishana, watu wanacheka, hakuna ugomvi. Na sijawahi kuongea peke yangu muda mrefu kuliko mtu anavyoweza kusimama kwa mguu mmoja."

Akageuza vitunguu. "Baba, hii siyo mnada. Kuna mwongozo."

"Umeandikwa na nani?"

"Wataalamu."

"Hao wataalamu walikuwa na kuku?"

Hapo alitaka kucheka akajizuia, amejizuia kama wewe, pua inapanuka. Lakini hakukubali. Aliniomba kitu kimoja tu: Jumanne, mkubwa wake akiwa ndani, nisipite nyuma yake. Nikaapa. Na ujue mimi nikiapa huwa nina nia kabisa ya kutimiza.

Jumanne ya tatu ikafika. Zuhura amevaa blauzi mpya, chini ndala zile zile. Msimamizi akaingia kwenye kijumba chake, miwani, kalamu, sura haisemi kitu. Shikamooni wazee wangu. Pii. Picha.

Dawa yangu ya jicho inatiwa saa nne kamili. Nesi alisema kamili, hakusema karibu. Na kichupa kilikuwa wapi? Mezani, ubavuni mwa kompyuta. Nikafikiri. Kiapo upande huu, jicho upande huu. Nikaona nipite haraka, nimeinama.

Hapa ndipo mnapoharibu. Nilikuwa nimevaa kanzu. Kanzu nyeupe, ile ya Idi, imepigwa pasi mpaka mikono inasimama yenyewe, vifungo vyote vimefungwa. Na kofia. Siyo hicho kitu mnachokisema huko ghalani. Mtu wa kanzu akipita nyuma ya mwalimu anaongeza heshima ya darasa, haipunguzi.

Nimeinama, mkono umefika kwenye kichupa, jicho langu jipya likatua kwenye kijumba kimoja. Mzee wa Kingoni, anaitwa mzee Komba, alikuwa ameingia darasani kutoka shambani kwake, simu kaiegesha sijui kwenye jembe. Nyuma yake kuna mistari ya vitu vya kijani, vimebanana, vimenyooka kama askari. Nikamwambia Zuhura, kwa kunong'ona, "Huyu bwana amekuja kujifunza korosho au kutuonyesha mahindi?"

Kunong'ona kwangu unakujua.

Maiki za wote zilikuwa zimefungwa ila ya Zuhura. Kwa hiyo wote arobaini wakasikia, na mama mwenye miwani akasikia. Zuhura akaganda, na safari hii haukuwa mtandao.

Mzee Komba akaonekana anahangaika na simu yake, anabonyeza huku na huku, mpaka ikafunguka. "Nani huyo? Nani kaiita mikorosho yangu mahindi?"

Ningeweza kutambaa nikatoka. Lakini nimeulizwa jina. Nikasimama wima. "Mimi."

"Mimi nani?"

"Myao. Wa Nalasi. Nimetafuna korosho kabla sijaota jino la kuitafunia."

Bwana we! Uso wake ukafunguka kama dirisha. "Aaah! Mtani! Nilisema sauti hii ya kuuza kitu naijua! Ninyi Wayao mnamkaribisha mgeni chai, akimaliza mnamuuzia kikombe!"

"Na ninyi Wangoni mkivishwa pete ya ndoa mnaivua mkaipande kwa mstari!"

Basi. Hapo vijumba vikaanza kulia pii, pii, pii, kila mtu anafungua mdomo wake. Watu ambao majumanne mawili hawakutoa hata kikohozi. Mngoni mmoja anauliza Myao gani huyo aletwe. Myao wa kutoka Tunduru mjini anasema mpige mtani huyo, mpige. Zuhura ameshika kichwa, ananong'ona, "Baba, toka. Baba, nakuomba, toka." Nami nilikuwa natoka, ila sijamaliza na Mngoni wangu.

"Mtani," nikamwambia, "hebu nipigie hatua, mche mmoja mpaka wa pili. Tuhesabu sote."

Akapiga. Darasa zima likahesabu kwa sauti, Wayao na Wangoni pamoja. Moja. Mbili. Kwisha.

"Mbili!" nikasema. "Hayo si mahindi ni nini?"

Mzee Komba akakasirika sasa, lakini siyo kwangu. Akaenda akachukua daftari, akalisogeza kwenye kioo mpaka kijumba chote kikawa karatasi. Ameandika kwa kalamu nzito: 2 KWA 2. "Mwalimu kasema! Mbili kwa mbili! Hata mke wangu alikuwepo akasikia."

Zuhura akasema, sauti imekauka, "Mzee wangu, nilisema kumi na mbili. Kumi na mbili kwa kumi na mbili."

"Hapana, mwanangu. Ulisema..." akaigiza, akagandisha mdomo wazi, akauachia, "...mbili kwa," akagandisha tena, "...mbili. Ndivyo ilivyofika hapa. Mimi mwenyewe nilisema loo, mbona zinabanana hivi? Lakini mwalimu ni mwalimu. Ningekuuliza vipi? Mdomo ulikuwa umenifunga. Ukasema mmeelewa, nikakutumia dole. Nilikuwa nimeelewa. Mbili kwa mbili."

Hakuna aliyecheka. Mzee wa watu ameweka miche ardhini kwa wiki mbili, na mingine bado iko kwenye viriba, vile vifuko vya plastiki, nyumbani pake inasubiri kubananishwa. Mikorosho hiyo ingekua ikagombana mpaka yote ikakosa jua, na yeye angejua baada ya miaka, wakati wa kujua haumsaidii tena. Na ungemuuliza Mngoni huyo kwa upole, kwa adabu, kwa miwani, asingekuonyesha shamba lake hata siku moja. Mtani ndiye anayeweza kumvua mtu nguo mbele za watu na mtu asione haya.

Mama wa miwani alikuwa haandiki tena. Kalamu ameishika tu.

Sasa hapa nimsifu mtoto, nisijisifu mwenyewe peke yangu. Zuhura alizifunga picha zake za rangi. Zote. Kioo kikabaki sura za watu tu. Akavuta pumzi, akasema, "Shikamoo mzee Komba."

"Marahaba, mwanangu."

Akasubiri mpaka neno limefika lote. Halafu akamwamkia wa pili, akasubiri. Akamwamkia wa tatu. Alizunguka vijumba vyote, Tumsifu Yesu Kristo huku, asalaam aleikum kule, habari za wajukuu, na haikuchukua hata robo ya muda aliokuwa anauogopa. Kisha akasema, "Leo siwaulizi mmeelewa. Kila mmoja aniambie Jumanne ile alisikia nini. Kwa mdomo wake. Kosa ni la mtandao na langu, siyo lenu."

Mama Zuhura, yalitoka ya kutoka. Watu watatu wengine walikuwa na mbili kwa mbili. Mmoja alikuwa na kumi kwa kumi. Mama mmoja wa huku Songea alikuwa na kumi na mbili sawasawa, ila alidhani ni upana wa vidole, kama anavyopanda vitunguu. Wakafika kwa Nalasi. Na siku hiyo Shaibu alikuwepo, maana kuku alikuwa anaatamia.

Shaibu akajitanua kwenye kiti. "Sisi hatukuandika. Korosho sisi tumezaliwa nayo. Tumekuja kuwasindikiza wenzetu."

Nikamwambia kutoka nyuma, "Shemeji, tuitie kuku wako ajibu, yeye ndiye alihudhuria."

Mzee Komba akadaka hapo hapo. "Kuku? Kuku gani? Hebu mtani, toka nje na hiyo simu, utupigie hatua kwenye mikorosho yako uliyozaliwa nayo."

Shaibu hakutaka. Darasa zima likaanza, "Toka nje! Toka nje!" Akatoka. Akasimama kwenye shina moja akaanza. Tukahesabu. Alipofika sita akaanza kurefusha mguu, tukamwona, tukapiga kelele, akarudishwa mwanzo. Nane. Mikorosho ya Nalasi, hatua nane, matawi yameshikana mikono huko juu kama watoto wanaovuka barabara. Na Shaibu kila mwaka analalamika ugonjwa wa ukungu unahama mti hadi mti.

Mzee Komba alikaa chini. Alikaa kabisa, kwenye udongo, kwa kucheka. "Mbili zangu na nane zako, mtani, tuchanganye tupate kumi, bado tumefeli!"

Hiyo nane ameihadithia huko Shaibu? Hakuihadithia. Ndiyo maana anawasimulia nguo yangu, ili msimuulize hatua zake. Kamuulize sasa.

Basi Zuhura akawagawa. Kila kikundi cha Wayao akakipa kikundi cha Wangoni. Akasema wafundishane, halafu kila mmoja aeleze alichofundishwa na mtani wake. Dakika kumi vijumba vikapotea, sijui aliwapeleka wapi, waliporudi wanagombana kwa furaha na wote wanasema kumi na mbili. Mmoja alipouliza kuhusu kina cha shimo Zuhura hakumjibu, akamwambia chukua jembe uchimbe tuone, na mtu akachimba, tunaona. Muda wa darasa ukaisha na hakuna aliyetaka kutoka. Majumanne yale mawili walikuwa wanakimbia kama pilau imeiva mahali.

Msimamizi akafungua maiki yake mwisho. Zuhura akakaa sawa. Nami nilikuwa bado pale, dawa ya jicho mkononi, saa nne imeshapita zamani.

"Huyo mzee ni nani?"

"Ni baba yangu, samahani sana mama, alikuja kuchukua..."

"Ameajiriwa na nani?"

"Hajaajiriwa, mama."

"Sawa." Akaandika kitu. "Mkataba nausaini wiki hii, unaendelea mpaka msimu uishe. Halafu uniandikie ulichofanya leo, niwape walimu wengine."

"Niandike nini, mama? Niwaambie watafute Myao?"

"Andika hivyo hivyo." Kisha akaniangalia mimi, juu mpaka chini, kwa kadiri kioo kinavyofika. "Na mzee, hongera kwa vazi."

Nikamwinamia kidogo, kama mtu wa kanzu anavyopaswa.

Ndivyo ilivyokuwa. Mkataba umekuja, ameusaini, ameuweka kwenye bahasha ile ile ya cheti. Zuhura ameniwekea kiti changu mwenyewe, ameweka na alama ya chaki sakafuni, miguu yangu isiivuke. Kamera haifiki hapo. Sauti inafika. Mzee Komba aliing'oa miche yake na udongo wake, kaipanga upya hatua kumi na mbili, mingi imeshika, iliyobaki amegawa kwa majirani. Hunipigia simu siku zote kuuliza kama bado sijafa. Anasema nikifa atakuja huko Nalasi, kama desturi ya utani inavyotaka, atalala kwenye kaburi langu lililo wazi na hatatoka mpaka apewe kuku, na kuku anayemtaka amemtaja. Mwambie Shaibu.

Nisalimie watu. Nisalimie kaka yako huyo, mwambie nane. Nisalimie shangazi yake Zuhura pale kisimani, mwambie mtoto hajafukuzwa kazi kama alivyotangaza. Nisalimie mjukuu wetu, mwambie jicho la babu linaona sasa, asijifiche tena nyuma ya mtungi. Mwombee mwanao.

Na Mama Hadija. Huyo msalimie wewe mwenyewe, kwa mguu wako, leo hii, umwombe radhi. Khanga hakuichukua yeye. Asubuhi ya safari nilikutangulia uani, nikaianua mimi, nikaitia chini kabisa kwenye begi. Sikusema, maana ungeuliza mzee mzima anataka khanga ya nini, na mimi nisingekuwa na jibu. Najifunga humu ndani nikitoka kuoga.

Na Jumanne ile saa nne nilikuwa nimetoka kuoga.

Kanzu ilikuwa kwenye kamba, inachuruzika maji. Hiyo nimeitia mimi kwenye barua, na kofia yake. Khanga yako, kifua wazi, bandeji nimeisukumia juu kichwani nitie dawa, mbele ya watu arobaini na mkubwa wa kazi. Hapo tu mlikuwa mnasimulia sawa. Mengine yote ni kweli kama nilivyoyaandika, kuku ni kweli, na lilikuwa shati.

Ile nyingine ya hiyo doti usiigawe.

Mumeo mwenye jicho moja jipya,
Baba Zuhura